Ruaha na Neno "Mvamizi"

Ipogolo ni pale barabara ya kupanda Iringa mjini inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya. Malori yanapumzika, wauza nyanya na vitunguu wanafukuzana na madirisha ya magari, na kandokando mto Ruaha Mdogo unapita kimyakimya. Gari za watalii nazo zinapitia hapo, zinapanda mlima, zinaelekea Kalenga, Idodi, Tungamalenga, mpaka Msembe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kama kilomita 130 kutoka mjini.

Nimeshasikia mara nyingi watu wakiuonyesha mto wa Ipogolo na kusema eti ndiyo maji wanayokunywa tembo wa Ruaha. Siyo. Ruaha Mdogo unakwenda kaskazini na kuungana na Ruaha Mkuu chini ya hifadhi, karibu na bwawa la Mtera. Maji ya viboko wa Msembe yanatoka upande wa pili kabisa: milima ya Mbeya na Njombe, yanashuka bonde la Usangu wilayani Mbarali, yanatulia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, ndipo yanaingia hifadhini. (Ruaha kwa Kihehe ni mto tu. Kwa hiyo "mto Ruaha Mkuu" ni mto mto mkubwa.) Nalitaja hili kwa sababu ugomvi wote ninaotaka kuusimulia ulihusu swali hilohilo: maji ya nani, yanatoka wapi, na nani kayamaliza.

Tuanze na pori lenyewe. Wajerumani walitenga eneo hili kuwa pori la akiba la Saba mwaka 1910. Hebu itazame hiyo tarehe. Mkwawa alikufa 1898 baada ya vita vya miaka saba, sotoka ilikuwa imeshafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na Majimaji ilikuwa imeisha juzi tu, ikiacha njaa kusini yote. Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa 1977, alieleza jinsi misiba hiyo ilivyopunguza watu na mifugo, vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi, wanyama wakaongezeka. Mgeni aliyefika wakati huo aliona "pori la asili". Kumbe alikuwa anaangalia nchi iliyotoka msibani. Waingereza wakaja na pori la Rungwa mwaka 1946, na mwaka 1964, nchi ikiwa huru, sehemu yake ikawa hifadhi ya taifa.

Sasa maji. Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa, Ruaha Mkuu ulikatika kabisa hifadhini wakati wa kiangazi. Viboko wakajibana kwenye madimbwi ya matope. Miaka hiyohiyo kulikuwa na mgao wa umeme, na Mtera na Kidatu ndiyo mabwawa yaliyobeba nchi. Watu gizani mjini, viboko matopeni porini: lazima apatikane mwenye kosa. Akapatikana mfugaji. Wasukuma, Wamaasai na Wabarabaig waliokuwa wamehamia Usangu kwa miongo kadhaa wakaanza kuitwa wavamizi, kwenye hotuba na kwenye magazeti yetu.

Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ahadi nzuri. Lakini watafiti waliokuwa wakipima maji Usangu wakati huo walikuwa wanaona jambo jingine. Maji ya kiangazi yalikuwa yanachepushwa kwenye mifereji ya umwagiliaji, mingine ikiachwa wazi hata mpunga ukiwa umeshavunwa. Na mashamba makubwa kuliko yote hayakuwa ya mvamizi yeyote: Mbarali lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, Kapunga likafuata, halafu Madibira. Ni miradi ya serikali na wafadhili. Ule "mchele wa Mbeya" tunaousifia ukweni unatoka kwenye maji hayo. Kuhusu umeme, Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, siyo kijito cha Oktoba. Mgao ulihusu zaidi namna mabwawa yalivyoendeshwa.

Ripoti hizo zilikuwepo, ila nadhani hazikuwa na sura. Ng'ombe anapigika picha. Mfereji ulioachwa wazi usiku, nani atauweka ukurasa wa mbele?

Mwaka 2006 operesheni ikaanza. Mpaka katikati ya 2007 maelfu ya ng'ombe waliswagwa na kusafirishwa kutoka Usangu kwenda Lindi na mikoa mingine, wengi wakafia njiani, familia zikauza mifugo kwa bei ya kutupa. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba iliundwa tume chini ya Jaji Othman Chande. Mwaka uliofuata, kwa Tangazo la Serikali Namba 28 la 2008, Usangu na Ihefu viliingizwa Ruaha. Hifadhi ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote nchini wakati huo. Mipaka mipya ikameza vijiji vilivyosajiliwa, vyenye shule na ofisi za serikali. Mtu akalala mwanakijiji, akaamka mvamizi.

Sisemi kwamba ng'ombe hawaharibu kitu. Ardhi oevu inachoka, na Ihefu ilichoka. Lakini mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeandika juu ya taharuki hii mwaka 2012, alionyesha kwamba lawama zilitangulia ushahidi. Ng'ombe walipoondoka, mto uliendelea kukatika kila kiangazi, na 2010 ilipita.

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kukuza utalii wa kusini, Ruaha ikiwemo. Wanavijiji wa Mbarali wakapeleka malalamiko ya kuuawa, kupigwa na kutaifishiwa ng'ombe, na mwaka 2024 fedha zikasitishwa, kisha mradi ukafutwa. Wakati huo wote, kwenye vichwa vya habari vya Kiswahili, wanavijiji hao waliitwa kwa neno lilelile la mwaka 2006.