Ufanisi wa Neva: Historia ya Kipimo Chake

Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Edgar Adrian na mwenzake kutoka Uswidi, Yngve Zotterman, walinasa ishara za unyuzi mmoja wa neva ya hisi, waliokuwa wameutenga katika msuli wa chura, wakabaini kwamba msuli ulipovutwa kwa uzito mkubwa zaidi, mipigo ya umeme haikukua bali iliongezeka idadi kwa kila sekunde. Kwa muda mrefu idadi hiyo ilichukuliwa kuwa ndiyo ujumbe wenyewe.

Nadharia ya Claude Shannon ya mwaka 1948 ilileta biti, yaani kiasi cha taarifa kinachotosha kubainisha moja kati ya mambo mawili yenye uwezekano sawa, na mwaka 1952 Donald MacKay na Warren McCulloch wakaitumia kuonyesha kwamba neva ingeweza kubeba taarifa nyingi zaidi iwapo wakati wa kila mpigo, wala si idadi tu, ungekuwa na maana. Hicho, hata hivyo, kilikuwa kikomo cha karatasini.

Ufanisi wenyewe ulihitaji vipimo viwili: entropia, yaani wingi wa mifuatano tofauti ambayo mipigo inaweza kuunda, na kelele, yaani tofauti zinazobaki hata neva inapopewa kichocheo kilekile mara nyingi. Ukiondoa kelele katika entropia hubaki taarifa, na uwiano wa taarifa hiyo kwa entropia yote ndio ufanisi. Kwa njia hiyo, mwaka 1998 William Bialek na wenzake walipima neva ya nzi inayotambua mwendo, wakakuta kwamba takriban nusu ya entropia yake ilikuwa taarifa.

Lenye uzito zaidi, pengine, ni jaribio lililotangulia, la mwaka 1995, ambamo neva za kusikia za chura mkubwa wa Amerika Kaskazini zilipewa sauti yenye mgawanyo wa masafa unaofanana na wa milio ya vyura, na ufanisi ukakaribia asilimia 90, ilhali kwa kelele ya kawaida ya maabara ulikuwa chini sana. Kumbe ufanisi si sifa ya neva peke yake. Hutegemea pia kile inachosikilizishwa, jambo linalotia shaka takwimu nyingi zilizopatikana kwa vichocheo visivyo vya asili.

Mwaka huohuo wa 1998 Simon Laughlin na wenzake walibadili kigawanyo: badala ya entropia waliweka nishati, wakakadiria kutokana na jicho la nzi kwamba biti moja hugharimu molekuli zipatazo 10,000 za ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, kwenye kiungo cha neva mbili, na kati ya milioni moja na milioni kumi inaposafirishwa kwa mipigo.