Ukuta, Mawe na Bata: Nyamongo na Umbo la Filamu ya Uhalifu ya Bajeti Ndogo

Filamu za uhalifu za Afrika Mashariki zina ramani moja. Kijana anatoka shamba, anafika mjini, anaporwa siku ya kwanza, anaangukia mikononi mwa kundi, anaonja fedha na starehe, yaani bata, kisha anauawa au anaponea chupuchupu. Nairobi Half Life ya David Gitonga (2012), filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar, iliichora ramani hiyo kwa ustadi mkubwa. Mwas, muuza filamu wa kijijini mwenye ndoto ya kuigiza, anajikuta katika biashara ya vipuri vya magari ya wizi, na polisi wanakuwa wabia wa kundi kabla ya kuwa wauaji wake. Lakini kijiji katika filamu hiyo kina kazi moja tu: kuachwa nyuma. Kule hakuna uhalifu, hakuna fedha, hakuna usiku wa starehe. Hoja yangu ni kwamba ramani hiyo haifanyi kazi Nyamongo, na kushindwa kwake huko kunafichua udhaifu wa fani hii kama tulivyoizoea katika Bongo Movie, filamu za video za Tanzania. Tumeuweka uhalifu ndani ya moyo wa kijana, mahali ambapo hakuna anayelazimika kuuchunguza.

Nyamongo ni jina linalokusanya vijiji kama Kewanja, Nyangoto, Kerende, Genkuru na Matongo, upande wa Tarime, Mto Mara ukiwa kusini na wilaya ya Serengeti ng'ambo yake. Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba dhahabu huko, kwa maduara (mashimo ya mkono), kabla mgodi wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Mgodi ulipitia kwa Placer Dome, ukaingia Barrick mwaka 2006, ukaendeshwa chini ya majina ya African Barrick Gold na baadaye Acacia, kisha ukarudi Barrick mwaka 2019, Serikali ikishika asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Mwandishi wa mswada aanzie hapo. Jiwe lenye dhahabu ni lilelile na kijana anayeliokota ni mwana wa yuleyule aliyelichimba zamani. Kilichobadilika ni leseni. Kitendo kilichokuwa kazi ya baba kimekuwa kosa la mwana, na wote wawili wanaweza kukaa meza moja usiku wakibishana nani kati yao alikuwa mwizi.

Vijana wanaookota mawe hayo, kampuni na magazeti huwaita wavamizi. Huingia kwa makundi, mara nyingi usiku, kufuata mawe yaliyomwagwa kwenye marundo ya mabaki au yaliyo pembezoni mwa mashimo ya Nyabirama na Gokona. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwafyatulia risasi watu walioingia mgodini, wakafa wasiopungua watano. Ukuta wa zege ulijengwa kuzunguka eneo hilo, na haukumaliza jambo. Mwaka 2013 wanavijiji walifungua kesi London dhidi ya kampuni. Ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Mwaka 2016 kamati iliyoundwa na Serikali ilipokea malalamiko ya vifo 65 na majeruhi 270 yaliyohusishwa na polisi. Mashirika ya MiningWatch Canada na RAID nayo yamekusanya ushuhuda wa vijana waliosema waliwalipa askari ili waruhusiwe kupita, kisha wakakimbizwa na askari haohao au wenzao wa zamu iliyofuata.

Mtu aliyeiona Nairobi Half Life atasema: basi ni kisa kilekile, polisi mbia na polisi muuaji. Sikubaliani. Katika filamu ya Gitonga ubia huo ni siri chafu ya askari wawili watatu, na kilele cha hadithi kinategemea siri hiyo. Nyamongo polisi wamelinda mgodi kwa makubaliano ya maandishi kati ya Jeshi la Polisi na kampuni, jambo linalojulikana na kila mtu. Hakuna siri ya kufichua. Mwandishi anayengoja kilele cha namna hiyo atangoja mpaka mwisho wa filamu, kwa sababu mtazamaji wa Nyamongo anaingia kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu, akiwa tayari anajua nani analipwa na nani.

Sasa bata. Katika Bongo Movie starehe ni hatua ya kwanza ya kuanguka. Girlfriend ya George Tyson (2003), ambayo wengi huitaja kama mwanzo wa wimbi lenyewe, ilikuwa filamu ya vijana, muziki na mapenzi, na bado ilikuwa na uchangamfu wake. Miaka iliyofuata klabu ya usiku ikageuka kuwa alama ya dhambi: taa za rangi, chupa mezani, msichana wa watu, halafu hospitali au jela. Matthias Krings, aliyeandika kwa kina juu ya mwigizaji Kanumba na wenzake, ameonyesha jinsi wasanii hao walivyoazima kutoka Nollywood na kuvigeuza walivyovichukua kuwa vya kwao. Pamoja na mbinu za kamera, naona waliazima pia uhakika kwamba mwenye kula bata atalipa. Mhasibu wa hadithi ni Mungu, naye hakosei hesabu.

Nyamongo hesabu ni nyingine. Aliyepata mawe mazuri leo huyapeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, akagawana na mwenye karasha, akakatwa na mnunuzi, akarudisha alichokopa kwa mama lishe na kwa dereva wa bodaboda aliyembeba, na kinachobaki kinaweza kwisha kabla ya asubuhi. Mhubiri ataita upuuzi. Mimi naona mantiki ndani yake. Fedha iliyopatikana kwa kuruka ukuta haina benki: ukiiweka ndani utaulizwa ilitoka wapi, ukinunulia ng'ombe ng'ombe wataonekana, na wewe mwenyewe huna hakika kama Jumamosi ijayo utakuwa hai. Kuinunulia baa nzima ni njia ya kuweka akiba katika watu. Yule uliyemnunulia bia ndiye atakayekubeba ukipigwa risasi ya mguu.

Parker Shipton, katika utafiti wake wa mwaka 1989 juu ya Wajaluo wa magharibi mwa Kenya, alieleza aina ya fedha waiitayo pesa makech, fedha chungu, itokanayo na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku na bangi. Fedha hiyo haifai kulipia mahari. Ikiingizwa bomani bila kutakaswa huleta maafa. Wakurya wa Tarime si Wajaluo, na sidai wana itikadi hiyohiyo. Lakini ni majirani wa karibu, wameoana, wameibiana ng'ombe na kuuziana mazao, na inashangaza kwamba dhahabu na bangi, bidhaa mbili ambazo Tarime imejulikana kwazo, zimekaa katika orodha moja. Filamu inayotaka kuonyesha kwa nini kijana anamwaga fedha baa ingeanzia hapo: kwenye mzazi anayekataa kuipokea. Tukio hilo lina uzito kuliko klabu zote za Masaki, na gharama yake ni ua, kigoda na waigizaji wawili.

Bangi inastahili kusemwa peke yake, maana picha yetu ya biashara ya dawa za kulevya imetoka pwani. Pwani kuna heroini iliyovuka bahari kwa majahazi kutoka upande wa Pakistani na Irani. Kuna familia ya Akasha ya Mombasa, ambayo ndugu wake wawili, Baktash na Ibrahim, walipelekwa Marekani mwaka 2017 na kuhukumiwa, wa kwanza mwaka 2019 na wa pili mwaka 2020. Dar es Salaam kuna tukio la Februari 2017, Mkuu wa Mkoa aliposoma hadharani majina ya watu aliotaka wahojiwe, wasanii wa filamu na muziki wakiwamo. Nchi nzima ikakaa kutazama. (Kama tamthilia, halikuhitaji bajeti yoyote.) Hayo yote yametufundisha kumtafuta zungu la unga, tajiri mwenye jumba na walinzi. Bangi ya Tarime haina zungu. Inalimwa katika mabonde, mara nyingi ikifichwa kati ya mahindi au mihogo, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeendesha operesheni za kung'oa na kuchoma mashamba huko mara kwa mara. Husafiri kwa gunia, kwa bodaboda, kwa mguu kuvuka mpaka. Mwenye shamba ni mama mwenye ada za shule za kulipa, mchukuzi ni kijana aliyekosa mawe wiki hiyo, na mvutaji ni yule anayejitia ujasiri kabla ya kuruka ukuta. Biashara hizi mbili zinalishana, na hadithi inayoitenga bangi na dhahabu itakosa injini.

Michael Fleisher alikwisha kuona jambo kama hili kwenye mifugo. Katika Kuria Cattle Raiders (2000) alionyesha jinsi wizi wa ng'ombe, uliokuwa na sheria zake kati ya koo na makabila, ulivyogeuka biashara ya fedha taslimu yenye soko ng'ambo ya mpaka, bunduki zikiongezeka baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambamo Wakurya wengi walipigana wakiwa askari. Vijana wakaanza kuiba hata ndani ya koo zao, na jamii ikajibu kwa sungusungu na vikao vya iritongo, baraza la jamii. Kwangu mimi hicho ndicho kisa bora cha uhalifu ambacho hakijapigwa picha katika Kiswahili: serikali ilimfundisha baba kutumia bunduki, soko likamfundisha mwana bei ya ng'ombe, na mgodi ukamfundisha mjukuu bei ya jiwe. Koo zilezile, iritongo lilelile, vizazi vitatu.

Nani atakipiga picha, na kwa fedha gani? Hapa bajeti ndogo inasaidia. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? (2010) kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani, akitumia kompyuta alizoziunganisha mwenyewe na vijana wa mtaani kwake. Filamu yake ni ya vichekesho na damu ya rangi, wala sitaki ya Nyamongo iwe hivyo. Funzo lake ni kwamba asiye na fedha hupiga picha alichonacho mlangoni. Bongo Movie ilifanya kinyume: iliazima jumba la Mbezi na gari la rafiki ili ionekane ina fedha, na hadithi zikahamia kwenye majumba hayo pamoja na kamera. Mtayarishaji mwenye kamera moja akienda Nyamongo hatakuwa na jumba la kuazima. Atakuwa na karasha inayonguruma mpaka mazungumzo hayasikiki, vumbi, ukuta, na redio ya baa. Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyotoka Netflix mwaka 2022, iliingiza kampuni ya madini na ardhi ya kijiji katika hadithi yake, ikiwa na fedha za kutosha. Lakini bado ilihitaji mhusika anayerudi kutoka Nairobi ili kijiji kionekane. Nyamongo haihitaji wa kurudi. Mji ndio uliokwenda kule, na vijana wa Musoma, Mwanza na ng'ambo ya mpaka wakaufuata.

Hatari zipo. Ya kwanza ni Mkurya wa vichekesho vyetu: mkali, mwenye panga, mlinzi au askari asiyejua kucheka. Filamu ya uhalifu itakayomchukua kama alivyo itakuwa imefanya kazi ya upelelezi wa polisi bila malipo. Ya pili ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilimtaka mtayarishaji apate kibali kwa kupeleka maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa kabla ya kupiga picha. Mswada unaomwadhibu kijana mwishoni ni rahisi kuutetea mbele ya meza yoyote ya ukaguzi. Mswada unaouliza nani ananunua mawe na nani analinda lango ni mgumu. Ndiyo maana maadili ya Bongo Movie hayawezi kuelezwa kwa imani ya watengenezaji peke yake. Sehemu yake ni busara ya mtu anayejua kitakachopita.

Zipo pia sababu za kibiashara, ila nazitazama kwa mashaka. Huambiwa kwamba watazamaji wa vibanda umiza wanataka mapigano tu. Watazamaji haohao walimsikiliza mfasiri wa filamu Lufufu miaka mingi akizitia filamu za Hong Kong na Marekani maneno yake, akizieleza, akizikosoa, akiwapa majambazi wa mbali majina na tabia za mtaani. Hadhira iliyolelewa na mfasiri wa namna hiyo haihitaji kutafuniwa.

Ombi langu liko kwa pande mbili. Walimu wa uandishi wa miswada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwingineko, wawape wanafunzi hati za kesi ya London pamoja na kitabu cha Fleisher kabla ya kuwaonyesha filamu nyingine ya Hollywood kuhusu genge. Na Bodi ya Filamu, mswada wa kwanza kutoka Nyamongo utakapofika mezani, isiulize kama mhalifu ameadhibiwa. Iulize kama mnunuzi wa mawe yumo.