Unasafiri nje? Namna ya kupiga simu Babati kwa Wi-Fi bila kumaliza hela

Mtu akitoka Babati kwenda Muscat, Dubai, Guangzhou au Makka kwa ibada, nyumbani wanasubiri simu moja tu: ile ya "nimefika salama". Simu hiyo ndiyo huwa inakula hela. Laini ya Tanzania ikiwa nje ya nchi inaingia kwenye romingi, ambapo unalipia ukipiga na mara nyingi hata ukipokea. Mbaya zaidi ni data. Ukiiacha imewashwa, simu inaanza yenyewe kusasisha programu na kupakia picha huku wewe bado unasubiri begi uwanja wa ndege, na salio linakwisha kabla hujasema "shikamoo".

Cha kwanza, kabla ya kupanda ndege ingia kwenye mipangilio ya simu uzime data ya romingi. Usiitoe laini yenyewe. Ujumbe wa benki na namba za uthibitisho wa huduma za fedha vinakuja kwa SMS kwenye laini hiyo hiyo, na kupokea SMS ukiwa nje kwa kawaida hakutozwi. Pita kwenye duka la mtandao wako hapo mjini uulize kama laini yako imefunguliwa romingi, maana ukishafika ughaibuni kulishughulikia hilo ni usumbufu.

Hapo nyuma romingi ya bei ya nyumbani ilishawahi kuwepo. Mwaka 2006 Celtel, ambayo leo ni Airtel, ilizindua One Network iliyounganisha Tanzania, Kenya na Uganda, mtu akavuka Namanga na laini yake akipiga kwa bei za kawaida. Kwa anayekwenda Uarabuni au Asia, njia nafuu sasa ni intaneti.

WhatsApp ilianza kupiga simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka uliofuata. Ukiweka laini ya nchi uliyofika, akaunti yako inaendelea na namba ile ile ya Tanzania. Programu ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa, uendelee kupatikana kama walivyokuzoea. Ila laini ya Tanzania iwe hai: isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepokea namba zako za uthibitisho.

Simu ya sauti haili bando sana, kwa kawaida ni chini ya MB 1 kwa dakika. Kwa hiyo MB 100 za mzazi aliyeko Magugu zinatosha maongezi ya zaidi ya saa moja na nusu. Video inakula mara kadhaa zaidi, na mtandao ukiwa dhaifu, kama inavyotokea ukitoka mjini, picha inaganda na sauti inakatika. Kwenye WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna kitufe cha kutumia data kidogo wakati wa simu. Kiwashwe pande zote mbili.

Tatizo kubwa liko Uarabuni, na wengi huligundua wakishafika. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi. Simu inaweza kuita huku Babati, ukipokea hakuna sauti, familia inaanza kuwaza mabaya. Oman nayo kwa miaka mingi ilizuia. Saudi Arabia iliondoa marufuku ya simu za intaneti Septemba 2017, lakini si kila programu ilifunguka siku hiyo hiyo. Kilichozuiwa ni kupiga tu. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita kama kawaida, kwa hiyo kimya cha simu kisichukuliwe moja kwa moja kuwa mtu amepatwa na jambo.

Dubai wengi hutumia Botim, na nyumbani nako lazima wawe nayo. Basi ipakueni wote na mjaribu kupigiana mkiwa bado sebuleni. Zoom na Microsoft Teams ziliruhusiwa huko wakati wa korona, 2020.

Utasikia watu wakisema "weka VPN tu". Fikiria mara mbili. Sheria ya Falme za Kiarabu inaweka faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2 kwa anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha, hela ambayo mfanyakazi wa ndani hawezi kuimaliza maisha yake yote. Hapa Tanzania nako, Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN waitolee taarifa.

China ni habari nyingine kabisa. WhatsApp imefungwa, na duka la programu la Google halifunguki. Wanafunzi na wafanyabiashara wanatumia WeChat. Pakua na ufungue akaunti ukiwa bado Babati, kwa sababu mara nyingi WeChat hutaka mtu mwingine anayeitumia akuthibitishe.

Na kama mama ana kitochi? Hapo WhatsApp haisaidii. Zipo huduma zinazotoka kwenye intaneti na kuingia kwenye simu ya kawaida, kama Viber Out na Rebtel. Skype iliyozoeleka kwa kazi hiyo ilifungwa Mei 5, 2025. Angalia bei ya kupiga Tanzania kabla ya kununua salio, kwani mtandao unaopokea nao unatoza na dakika si za bure. Mara nyingi nafuu zaidi ni kupiga WhatsApp kwa jirani au mjukuu mwenye simu janja, kwa saa mliyopatana. Jambo la pembeni: simu ya nje ikiingia kwa namba ya kawaida ya 06 au 07, huenda imepitishwa kwenye simbox, biashara ambayo ni kosa kisheria.

Kwa binti anayekwenda kazi za ndani, Wi-Fi ya nyumba ni ya bosi. Neno la siri likibadilishwa leo, mawasiliano yanakatika leo. Laini yake mwenyewe ya nchi hiyo, hata yenye bando dogo, si anasa. Namba ya bosi, ya wakala na ya ubalozi wa Tanzania ziachwe nyumbani zikiwa zimeandikwa kwenye daftari. Yeye naye abebe namba tatu za nyumbani kwenye karatasi, za mitandao tofauti. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipoikumba Katesh, jirani kabisa na Babati, aliyekuwa mbali na namba moja tu ya nyumbani hakuwa na pengine pa kuuliza.

Matapeli nao wanajua nani kasafiri. Ujumbe ukija "mama ni mimi, nimebadilisha namba, nitumie hela", usitume chochote mpaka usikie sauti yake, tena muulize jambo mnalolijua wawili. Namba sita za uthibitisho wa WhatsApp hapewi mtu yeyote, hata anayejiita mwanao. SMS za kitapeli zinatumwa TCRA kupitia 15040.

Kuhusu saa za kupiga: Saudi Arabia saa ni zile zile za Babati. Muscat na Dubai wako mbele kwa saa moja, India saa mbili na nusu, China saa tano. Saa tatu usiku Babati, Guangzhou ni saa nane usiku na mtu kalala.