Uasi, Vita, au Kuacha?

Vita ambavyo Nchi za Chini zilipigana na mtawala wao, mfalme wa Hispania, wengi tunaviita Vita vya Miaka Themanini. Jina ni tamu mdomoni, ila ukilipigia hesabu linayumba. Tangu 1568 hadi mkataba wa Münster wa 1648 ni miaka 80, sawa. Lakini kati ya 1609 na 1621 pande mbili zilikuwa kwenye mapatano ya kusitisha mapigano. Toa 12, inabaki 68.

Wengine husema "uasi wa Waholanzi". Hapo ndipo neno linaponikwaza. Anayetamka "uasi" amekwisha kumpa haki mwenye kuasiwa. Mtoto humuasi mzazi, mja humuasi Mola. Jirani hamuasi jirani. Ndiyo maana Wajerumani waliandika uasi wa Maji Maji, nasi tukaandika Vita vya Maji Maji.

Waholanzi wenyewe walilikwepa neno hilo kwa ustadi wa kuchekesha. Jemadari Alba alipotumwa na Mfalme Philip wa Pili wa Hispania mwaka 1567, aliunda mahakama iliyoitwa rasmi Baraza la Machafuko. Wananchi wakaiita Baraza la Damu, na kwa kuwa iliwaua zaidi ya watu 1,000, sioni nani angewabishia. Hata hivyo William wa Orange, kiongozi wa mapambano, na wenzake walishikilia kwamba hawapigani na mfalme, wanapigana na washauri wake wabaya. Tazama Leiden. Jeshi la Philip liliuzingira mji huo mpaka watu wakafa kwa njaa na tauni, hadi kuta za kuzuia maji zilipobomolewa, maji yakafunika mashamba, na mashua zikafika na chakula tarehe 3 Oktoba 1574. Miezi michache baadaye mji ukapewa chuo kikuu. Hati ya kukianzisha ilitolewa kwa jina la nani? La Philip yuleyule.

Wapo pia waliolipokea tusi wakalivaa. Mwaka 1566 makabaila walimpelekea maombi Margaret wa Parma, aliyetawala kwa niaba ya mfalme huko Brussels, na inasimuliwa kuwa mshauri wake mmoja aliwabeza kuwa ni ombaomba tu. Basi wakajiita Ombaomba, wakavaa nishani na vibakuli vya kuombea shingoni. Wenzao wa majini, Ombaomba wa Baharini, ndio walioteka mji wa Brielle tarehe 1 Aprili 1572. Mfasiri asije akawapamba kwa kuwaita "mashujaa wa bahari". Atakuwa ameua kejeli yote.

Neno ninalolipenda kuliko yote lilikuja tarehe 26 Julai 1581. Wajumbe wa majimbo walitoa tamko ambalo wengi hulitaja kama tangazo la uhuru. Lakini kichwa chake cha Kiholanzi hakitaji uhuru, kinataja kuacha. Hoja yao ni kwamba mfalme yupo kwa ajili ya raia, kama mchungaji alivyo kwa kondoo. Akiwageuza watumwa, wana haki ya kumwacha na kutafuta mwingine. Kiswahili kinalipokea neno hili bila jasho, maana kwetu "kuacha" ni pia kuvunja ndoa. Tena si talaka ya kutolewa na mwenye nguvu. Ni ya aliye chini kujivua mwenyewe, kama mke anayejikhului. Ningeiita Hati ya Kumwacha Mfalme.

Hapo pia ndipo ninapoweka mpaka. Mpaka siku ile bado walikuwa na mfalme waliyemkiri, kwa hiyo "uasi" unavumilika, japo wenyewe waliukana. Baada ya siku ile hakuna tena wa kuasiwa. Ni vita, baina ya dola na dola, hata kama Hispania ilichukua miaka 67 kulikubali hilo kwa maandishi.

Na mwandishi ajihadhari na "Waholanzi". Holland ilikuwa jimbo moja tu kati ya 17 ya Nchi za Chini, na moto haukuwashwa huko peke yake. Egmont na Horn, makabaila wawili waliokatwa vichwa hadharani tarehe 5 Juni 1568, waliuawa Brussels, mji ambao leo ni wa Ubelgiji.