Mgeni Mezani: Ngazi na Daraja katika Mchezo wa Njozi

Mwezi Januari 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, lilitolewa kasha lenye vijitabu vitatu. Humo mlikuwa na kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna mshindi. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja amevaa nafsi ya mhusika wake, mpiganaji, mchawi ama kasisi, na mwamuzi huwasimulia mahandaki ya giza wanayoyapita. Yatakayowasibu huamuliwa kwa maneno na kwa dadu.

Kila mhusika huanzia ngazi ya kwanza, kisha hupanda kwa alama za tajiriba, ambazo zama zile zilitokana zaidi na hazina iliyotolewa chini ikafikishwa juu salama. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo waamuzi wamelibishania kwa miaka hamsini: mgeni ajapo wenziwe wamekwishafika ngazi ya tano au ya nane, aketi wapi?

Waasisi hawakuliona kuwa tatizo. Vijitabu vilikadiria wachezaji wanne hadi hamsini katika ulimwengu mmoja, mwamuzi mmoja kwa watu ishirini hivi. Katika umati huo usawa haukutarajiwa. Aliyekosa kuja alikuta wenziwe wamesonga, na aliyeuawa alianza upya. Ni kama jahazi: nahodha na kijana mpishi hupigwa na wimbi lile lile, na hakuna amwambiaye kijana angoje nchi kavu hadi awe nahodha.

Siri ilikuwa katika hesabu. Mpiganaji alihitaji alama 2,000 kufika ngazi ya pili, 4,000 ya tatu, 8,000 ya nne, 16,000 ya tano, 32,000 ya sita. Basi aliye ngazi ya tano alipokusanya alama 16,000 nyingine apande moja tu, mgeni aliyeandamana naye kwa mgao ulio sawa alikuwa amekwishafika ya tano. Jedwali lenyewe lilimvuta mdogo, ingawa kanuni zilishauri asipande zaidi ya ngazi moja kwa safari moja.

Sharti ni awe hai. Uhai wa mchawi mchanga ulipimwa kwa dadu moja, na pigo la upanga kwa dadu moja vilevile. Pigo moja laweza kummaliza. Kwa hiyo wakubwa walitangulia, naye akafuata nyuma. Mwamuzi naye alikuwa na kipimo kingine, kina cha mahandaki. Kadiri watu wateremkavyo ndivyo mazimwi yazidivyo ukali na hazina izidivyo wingi. Kundi lenyewe ndilo lililochagua lishuke hadi wapi, likijua nani limeandamana naye.

Wapenzi wa maneno watatabasamu kusikia kwamba kila ngazi ilikuwa na jina. Mpiganaji wa nne aliitwa shujaa, wa tisa bwana. Na wa kwanza, asiyewahi kuua hata panya, aliitwa mkongwe wa vita.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilibadili hesabu. Jedwali likawa moja kwa wote: 1,000, kisha 3,000, 6,000, 10,000, 15,000. Sasa aliye ngazi ya tano hukusanya alama 5,000 tu afike ya sita, na mgeni aliyepata mgao huo huo husimama ya tatu. Isitoshe, ukali wa kila zimwi ulipimwa kwa kundi la watu wanne walio ngazi moja. Kipimo hicho kilimrahisishia mwamuzi kazi, lakini kilimfanya mgeni aonekane kosa la kusahihishwa. Aghalabu alipewa ngazi za bure, akawa na nguvu asizozitolea jasho wala hadithi.

Toleo la 2014 lilipunguza mwanya kwa njia nyingine. Nyongeza ya umahiri huanza na 2 na kuishia 6 kwenye ngazi ya ishirini. Uhai wa wakubwa bado ni mwingi mno, lakini mshale wa mdogo humpata joka. Mwamuzi mwerevu humwachia pia kazi isiyotaka upanga: lugha aijuayo peke yake, mlango mwembamba, mateka anayemwamini yeye tu.