Okidi ndara chotara na mchanganyiko wa chunguni Lubumbashi

Okidi ndara ni mimea ya jenasi Paphiopedilum, yenye asili ya Asia kuanzia India hadi visiwa vya Pasifiki, na hutambulika kwa petali moja iliyojikunja kuwa mfuko. Chotara ya kwanza, Harrisianum, ilichanua Uingereza mwaka 1869. Maudiae, iliyozalishwa mwaka 1900 kwa kuunganisha P. callosum na P. lawrenceanum, imeacha uzao mkubwa unaooteshwa mpaka leo. Afrika haina okidi ndara ya porini, kwa hiyo mmea unaofika Lubumbashi unakuwa mgeni kwa hewa, maji na udongo wa huko. Mizizi yake ndiyo inayotuelekeza nini kitiwe chunguni. Ni michache, minene, yenye vinyweleo vya kahawia, na kwa asili hutambaa katika majani yaliyooza au katika nyufa za mawe. Tena mmea huu hauna vibofu vya kuhifadhi maji kama okidi nyingine, hivyo hauvumilii ukavu wa muda mrefu, wala hauvumilii tope. Mzizi uliooza ukiuminya, ganda huvuka na kubaki uzi mtupu mkononi.

Ndiyo maana mchanganyiko wa Lubumbashi lazima upangwe kwa kufuata majira ya mji wenyewe. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mvua hunyesha kwa wingi kati ya Novemba na Machi, kisha Juni na Julai hakuna karibu tone, na usiku joto laweza kushuka chini ya nyuzi 10. Chungu kilekile hukabiliwa na unyevu usiokauka, halafu ukavu mkali. Gome la msonobari lililokatwa vipande vya sentimita moja hivi hushika maji kiasi na kuacha nafasi ya hewa, lakini huoza. Makaa ya kupikia, ambayo kila soko la mji linayo, hayaozi na hufungua mchanganyiko. Hukumu yangu ni sehemu tatu za gome kwa moja ya makaa yaliyochekechwa vumbi na kuoshwa. Maji yakimiminwa yapite na kutoka chini papo hapo.

Wapo watakaosema kwamba makaa hunasa chumvi za mbolea na za maji magumu. Ni kweli, na jibu lake ni kupunguza mbolea na kukisuuza chungu kwa maji ya mvua, ambayo kwa miezi mitano hupatikana bure. Pingamizi zito zaidi ni la kichuguu: wakulima wa Haut-Katanga, mkoa wa mji huu, wanaujua udongo wake kuwa na rutuba, basi kwa nini usitiwe chunguni? Vichuguu vikubwa vya mchwa Macrotermes falciger karibu na Lubumbashi hukusanya chokaa. Aina chache za miamba ya chokaa, kama P. niveum, huipenda, lakini uzao wa Maudiae hutaka mchanganyiko wenye asidi kidogo, na udongo wa mfinyanzi wa kichuguu huziba hewa yote. Udongo wa juu wa bustani nao una shaka yake. Tanuru la shaba la mji, lililoanza kazi mwaka 1911, lilimwaga vumbi la shaba, risasi na zinki upande wa kaskazini-magharibi, hadi mtaa wa Penga-Penga. Wengine watasema kuvumwani ya sfagnamu hutumika Ulaya na hufanikiwa. Hufanikiwa kwa anayemwagilia kwa uangalifu chini ya kioo. Kwenye baraza lililo wazi, Januari, hubaki imelowa wiki nzima.

Chotara zenye majani ya kijani kitupu, zenye damu ya P. insigne, hunufaika na usiku wa baridi wa Juni, nao huzisaidia kutunga machipukizi ya maua. Zile zenye majani ya madoa ziingizwe ndani wakati wa baridi hiyo. Mchanganyiko ubadilishwe kila mwaka au miwili, mwezi Septemba, kabla mvua hazijaanza.