Handikapu ya gofu: Programu hukokotoa, mchezaji hushuhudia

Handikapu ni kipimo cha uwezo wa mchezaji gofu, kinachomwezesha chipukizi kushindana kwa haki na stadi. Chini ya mfumo wa dunia ulioanzishwa 2020 na mashirika ya USGA la Marekani na R&A la Scotland, programu ya kompyuta huteua matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni na kutafuta wastani wake. Kiwango cha juu ni 54.0.

Ugumu wa uwanja pia huzingatiwa. Mwenye handikapu ya 18.0 hupata mikwaju 18 ya nafuu katika uwanja wenye kipimo cha 113, kilicho cha kawaida, lakini 21 penye kipimo cha 130, mengine yakiwa sawa. Hivyo, mwanachama wa klabu ya Railway, karibu na katikati ya jiji la Nairobi, hukokotolewa mikwaju upya anapoalikwa Karen au Vet Lab, Kabete.

Hata hivyo, programu haitambui kadi isiyowasilishwa. Anayeficha matokeo mazuri hubaki na handikapu kubwa na kutwaa zawadi asizostahili. Ndiyo sababu kadi huthibitishwa na mchezaji mwenza, nayo kamati ya handikapu ina mamlaka ya kurekebisha kipimo kinachotiliwa shaka.